Vipande Arobaini na Vinane vya Baba

Jumapili, 5 Oktoba 1997. Mowlem, Nairobi

Nimenunua daftari hili kwa sababu daftari la kazi haliruhusu hasira, na mimi nina hasira za kujaza madaftari mawili. Ya leo ni ndogo: Baba amekwisha kunitangaza. Nilifika Alhamisi, na leo baada ya kanisa watu kama kumi wamenishika mkono wakiuliza ni lini mzee Musau, yaani Baba, ataingizwa ndani ya mashine ya kuona akili. Haioni akili, nikawaambia. Inaona damu inakoelekea kichwani mtu anapofikiri. "Si ni hiyo hiyo," mzee mmoja akanijibu.

Niandike jambo lenyewe sasa, kabla sijazama kwenye nambari. Mimi ni Kavutha Musau, binti wa mchongaji vinyago, ambaye mtaani wananiita daktari ingawa sitibu mtu. Miaka miwili nimekuwa Uingereza katika maabara ya Profesa Hallam, nikipiga picha za ubongo wa watu wakigeuza maumbo kichwani. Unamwonyesha mtu kitu, kisha kitu kingine, unamuuliza: ni kile kile kimegeuzwa, au ni kingine? Karibu yote tunayojua kuhusu jambo hili tumeyapata kwa wanafunzi wa chuo wa miaka ishirini, kwa sababu ndio walio karibu na mashine. Nilimwambia Profesa kwamba najua watu wanaogeuza maumbo kichwani kila siku tangu ujana wao, na kazi hiyo ndiyo inayowalisha. Akanipa miezi mitatu. Nikileta matokeo, nafasi ya utafiti ya miaka mitatu ni yangu. Nikirudi mikono mitupu, anapewa mwingine.

Nina wachongaji kumi na wawili wa karakana ya Baba, upande wa Muthurwa, na Baba mwenyewe. Nitatafuta makarani kumi na wawili wa kuwalinganisha nao. Hospitali moja mjini imekubali nitumie mashine yake Jumapili, wagonjwa wasipokuwepo. Uhakika ninao, hata umezidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni Elinino. Triza wa mlango wa pili anasema ni mvua tu, redio inapenda majina.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jaribio la karatasi, karakana nzima isipokuwa Baba. Amekwenda kijijini Wamunyu kuleta magogo kabla barabara haijakatika. Nimemwahidi kwamba yeye nitampima peke yake, kisha aende moja kwa moja kwenye mashine.

Karatasi ni arobaini. Kila moja ina michoro miwili ya vitofali vilivyounganishwa, na chini yake visanduku viwili: SAWA na SI SAWA. Wanaume wale walinawa mikono kwanza wasizichafue, wakakaa juu ya magogo, na mvua ilipiga mabati kiasi kwamba nilieleza kwa kupiga kelele. Wametumia saa mbili. Nimezoea wanafunzi wanaomaliza kwa robo saa.

Mzee Ngui, aliyemfundisha Baba kazi, aliichukua karatasi ya kwanza akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akaigeuza, akatazama nyuma yake pasipo na kitu, kisha akanitazama mimi. Akairudisha bila alama. Nikamwambia ajaze tu anavyoona.

"Sijaona," akasema.

Amerudisha ishirini na sita zikiwa tupu. Wengine nao wameacha tupu nyingi. Pembeni niliandika: wameshindwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Makarani wamekwisha. Triza anafanya kazi katika ofisi moja ya bima mjini, akanikusanyia wenzake wakati wa chakula cha mchana, naye akafanya pamoja nao. Dakika kumi na mbili. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Rahisi, Kavu. Chap chap. Zingine sikuwa sure, nikapiga tu bahati."

Outer Ring Road imefurika. Nimetembea kutoka Donholm viatu mkononi, daktari mzima.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimesahihisha mara tatu, nikitumaini nimekosea hesabu. Karatasi tupu ni kosa, ndivyo kanuni ya maabara ilivyo. Makarani wamepata wastani wa ishirini na tisa kati ya arobaini. Wachongaji, kumi na saba. Mtu ambaye hajaangalia karatasi kabisa, anayerusha sarafu, angepata ishirini.

Nilikaa nikiwaza jinsi nilivyojigamba mbele ya Profesa. Kisha nikamtazama twiga wa Baba aliye juu ya kabati na nikafikiri: labda ni mikono tu inayokariri. Labda ni twiga mmoja yule yule kwa miaka thelathini, na kichwani hamna kinachogeuka. Nimeiandika sentensi hiyo na siifuti, ili siku moja nijue nilikuwa nani leo.

Nambari nimemtumia Profesa.

Jumatatu, 3 Novemba

Jibu limekuja kwa faksi ya ofisi ya kina Triza. Ameniletea likiwa limekunjwa ndani ya Biblia lisilowe.

"Nimesoma, usinikasirikie. Ilitoka kwa mashine polepole, kila mtu akaona."

Profesa amefurahi. Anasema matokeo yana nguvu kuliko alivyotarajia, ingawa kwa upande wa pili. Niache habari ya mashine, niandike nilicho nacho: kwamba kukosa shule kunadhoofisha uwezo wa akili wa kugeuza maumbo, hata kwa watu ambao mikono yao inafanya kazi hiyo kila siku. Jina langu litatangulia. Nafasi ya miaka mitatu niihesabu kuwa yangu kuanzia Januari.

Miaka miwili nimeiota barua hiyo. Triza akaketi kitandani kwangu.

"Sasa hii si ni kusema mzee wako ni mjinga, lakini kwa Kizungu safi?"

Nikamwambia sivyo, hajaelewa. Nikaanza kumweleza ilivyo hasa, na nilipofika katikati nikaona ameelewa vizuri.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Sikutoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Baba amenyoa nywele zote. Aliambiwa na mtu wa kanisani kwamba nywele huizuia mashine kuona. Akaja jikoni akipapasa kichwa, akauliza, "Ni Jumapili gani, mwanangu? Watu wananiuliza."

Nikamwambia angoje kidogo.

"Daktari akisema ngoja, tunangoja," akasema, akaenda zake akiwa na furaha. Sikuweza kumtazama.

Leo nimeandika ukurasa wa kwanza wa makala anayoitaka Profesa. Umetiririka bila taabu, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda karakana kuwaambia kwamba mashine haitakuwepo. Sikuwaambia. Baba hakuwepo, alikuwa amepeleka vinyago sokoni. Niandike yote kwa mpangilio.

Sakafu ilikuwa imelowa, vumbi la mbao limekuwa uji. Mzee Ngui alikuwa anaanza gogo jipya la mjakaranda. Nikachukua msasa na kifaru aliyekaribia kwisha, nikaketi nikisugua, kama nilivyofanya kila likizo nikiwa mdogo. Sisi wasichana tulipewa msasa na rangi ya viatu. Tezo, kile kishoka cha kuchongea, hatukuruhusiwa kuigusa, wala sikumbuki kuiomba.

Ngui hakukata. Alilitazama gogo, akalilaza upande wa pili, akaketi, akalitazama tena. Akaligeuza mara nne hivyo, na kila mara anaketi. Uvumilivu ukaniishia.

"Mzee Ngui, itakuwa nini?"

"Bado sijui."

"Si ni ndovu? Hata mimi naona mgongo ule."

"Huku ni ndovu. Huko nyuma sijui." Akanitazama kwa huruma. "Kwani Musau hakuwahi kukuambia ya ndovu yake?"

Hakuwahi. Basi Ngui akanisimulia, na wote wakaacha kazi wasikilize ingawa ni wazi wameisikia mara mia. Baba alipoanza kazi, mwezi wake wa pili, alilitazama gogo upande mmoja akapaza sauti, "Ndovu!", akaanza kukata. Nyuma kulikuwa na fundo limeoza. Ndovu akaishia na miguu mitatu. Kwa mwaka mzima karakana ilimwita Miguu Mitatu, na tangu hapo kuna sheria hapa: hutaji jina la kitu mpaka umeona mgongo wake. Ukitaja kabla, siku hiyo unafagia na hushiki tezo.

"Hata ukijua?" nikauliza.

"Huwezi kujua. Unaweza kudhani tu."

Niliweka msasa chini. Kwenye mkoba nilikuwa na zile karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikatoa moja aliyoiacha tupu, nikamuuliza kwa nini aliiacha.

Akaweka kucha juu ya mchoro. "Nyuma ya hii tofali, kuna ingine ama hakuna?"

"Hakuna."

"Umeiona?"

Nikaivuta karatasi niitazame upya. Nimewaonyesha watu mchoro huo miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mchoro wenyewe hausemi. Tofali moja zaidi ingeweza kujificha pale nyuma, na kama ipo, jibu linabadilika. Sisi tuliosoma tunachukulia kwamba haipo, kwa sababu aliyechora ni mtu kama sisi.

"Zile zilionyesha mgongo nilijaza," Ngui akasema. "Hizi zingine ungeniletea kitu, si kivuli. Nilidhani unatupima kama tutadanganya."

Mchongaji mmoja nyuma akasema naye alidhani hivyo hivyo. Kumbe wote walidhani hivyo. Walikaa saa mbili juu ya magogo wakikataa kudanganya mbele ya daktari, na daktari akaandika wameshindwa.

Nimelia pale pale, mbele ya wanaume kumi na wawili, na sikuona haya.

Jumapili, 9 Novemba

Nimehesabu upya. Makarani walijibu maswali yote mia nne na themanini, wakakosa mia moja thelathini na mbili. Wachongaji walijibu mia mbili na kumi na nne tu. Waliyokosa katika hayo ni tisa.

Tisa! Nambari hizo zilikuwa mezani kwangu siku kumi na moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia Profesa kutoka ofisi ya kina Triza, makarani wote wakijifanya wanaandika. Akanisikiliza mpaka mwisho, sifa hiyo anayo.

"Karatasi tupu ni tupu, Kavutha," akasema. "Huwezi kuipa alama kwa sababu unampenda aliyeiacha."

Nikamwambia sitaki kuipa alama. Nataka kuwapa kitu chenye mgongo. Kama nasema kweli, hawataacha tupu hata moja.

Kisha akasema nina mpaka tarehe kumi na tano Desemba, faksi iwe mezani kwake. Baada ya hapo nambari za kwanza ni mali ya maabara. Nisipoiandika makala ile mimi, ataiandika mwanafunzi mwingine, na Januari nafasi atakuwa nayo huyo.

Kwa hiyo hata nikikataa, itachapishwa. Wachongaji wa Nairobi, wasiosoma, akili pungufu. Itasomwa kwenye vyuo na watu ambao hawatawahi kumwona Ngui akikaa mbele ya gogo.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemweleza Baba yote: faksi, ile kumi na saba, na kwamba mimi mwenyewe niliamini kwa siku kumi. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kulisema. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Waliacha tupu?" akauliza. "Mbele yako? Na daktari anawaambia wajaze?"

"Ndiyo, Baba."

"Hata yule Maingi, na ni muoga vile?" Akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Sijawahi kumwona mtu akiwaonea fahari wenzake namna ile. Halafu akakumbuka. "Ngui amekuambia ile ya miguu mitatu."

"Amesema."

"Mzee mbaya sana yule."

Nikamweleza ninachohitaji. Jozi ishirini na nne za vipande, yaani vipande arobaini na vinane, vya kushikwa na mikono yote miwili ndani ya mashine bila kuonwa. Viwe vya mti mtupu kwa sababu chuma hakiingii mle. Vyote sawa kwa urefu na uzito, mtu asije akatambua kimoja kwa kitu kingine isipokuwa umbo. Na mchongaji awe ndiye bora kuliko wote, maana kosa la nusu milimita linaharibu jaribio.

"Na atakayechonga?" Baba akauliza. Mzee huyu haoni kitu upande mmoja tu.

"Atakuwa anavijua vyote. Hawezi kupimwa."

Akapapasa kichwa chake kilichonyolewa.

"Ukubwa gani?" akasema.

"Baba, na mashine? Watu wote wanajua—"

"Mashine si itakuwepo. Nimekuuliza ukubwa gani."

Alhamisi, 13 Novemba

Vipande vinne. Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba

Vipande kumi na saba. Mbao zina maji, viwili vimepasuka. Baba ametengeneza kichanja juu ya jiko, anavikausha polepole ndani ya vumbi la mbao kavu. Nyumba nzima inanuka mjakaranda. Nilivipima kwa rula yangu ya maabara. Yeye anafumba macho, anavipitisha kati ya vidole, na mara mbili amekataa kipande nilichokuwa nimekipitisha. Nikapima tena. Kweli kilikuwa na kasoro, na vidole vyake viliijua kabla ya rula.

Ijumaa, 21 Novemba

Arobaini na vinane. Amelala saa kumi na mbili mfululizo na nimemfukuza kila aliyebisha hodi.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya kwanza ya mashine. Mwendeshaji wake ni Lusweti, mtu wa Bungoma, mpole, ambaye ameacha kwaya yake kwa ajili yetu. Kabla ya yote alipiga picha ya macho ya kila mmoja, kwa sababu mashine ni sumaku kubwa na mtu mwenye chembe ya chuma jichoni anaweza kupofuka humo. Wachongaji hunoa tezo kila siku. Ni mmoja tu aliyekutwa nayo, Maingi, chembe ndogo ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo. Tumemwondoa. Alisikitika, lakini Lusweti akamwambia, "Mzee, hiyo jicho lako shukuru Mungu leo," na amemwandikia aende kwa daktari wa macho.

Ngui aliingia wa kwanza. Alilala mle, mikono kifuani, mashine ikigonga kama fundi wa mabati, na mimi nikimsogezea vipande, jozi baada ya jozi, kwa kamba ya kitambaa. Kitufe cha kushoto ni sawa, cha kulia si sawa, na kama hajui asibonyeze. Jozi ya kwanza, akabonyeza. Jozi ya pili, akabonyeza. Kila kipande alikizungusha mara nne, taratibu, bila haraka yoyote, na kila jozi aliijibu.

Alipotoka Lusweti akamwonyesha picha ya ubongo wake kwenye kioo. Ngui akaitazama akauliza nyuma kukoje. Lusweti akabonyeza, ubongo ukageuka, na wachongaji waliokuwa wakingoja foleni wakapiga makofi.

Jumatatu, 24 Novemba

Nilijua yatakuja. Baba amekwisha kusikia kwamba Maingi ameondolewa.

"Nafasi moja imebaki," akasema. Alikuwa amevaa shati jeupe, siku ya kazi.

"Imebaki, Baba."

"Hata ukinipa vile vitu nikiwa nimesahau? Nichukue wiki, nisahau?"

"Hutasahau."

"Hapana," akakubali. "Sitasahau hata kimoja."

Ningeweza kumwingiza tu, bila kumhesabu, apigwe picha moja ya kwenda kuonyesha kanisani. Nilimwambia hivyo. Akakataa kabla sijamaliza. Alisema akiingia mle ataingia akifanya kazi, si kama mtalii, na tusipoteze Jumapili ya watu. Kisha akavua shati akaenda karakana. Nilijifungia chumbani, nikamwonea fahari na uchungu kwa wakati mmoja.

Jumapili, 30 Novemba

Wachongaji wote wamekwisha, kumi na mmoja. Umeme ulipotea mara moja. Makarani wiki ijayo.

Jumapili, 7 Desemba

Makarani kumi na wawili. Triza alitoka akitokwa jasho. "Kavu, hiyo si ya karatasi. Hiyo unashika na bado hujui umeshika nini!" Wanne waliuliza kama wanaweza kufungua macho, ingawa mle ndani hakuna cha kuona.

Jumatano, 10 Desemba

Makarani: majibu mia mbili themanini na nane, makosa sabini na tisa.

Wachongaji: majibu mia mbili sitini na nne, makosa kumi na manne. Tupu, hakuna. Hata moja.

Na picha. Kwa makarani, sehemu ya ubongo inayotumika kuona iliwaka muda wote, ikihangaika kuchora kile mikono ilichoshika. Kwa wachongaji iliwaka kidogo, ikatulia, na kazi ikafanywa na sehemu za juu, za mkono na za nafasi, kwa pamoja. Nimeziweka picha mezani zote ishirini na tatu. Miaka minane tangu nilipoanza chuo nimeisomea kazi hii, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejiona mtafiti kweli. Nimeona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na nimekiona kwa watu wangu.

Alhamisi, 11 Desemba

Faksi imekwenda, kurasa kumi na nne. Triza amesimama karibu na mashine kama askari.

Jumatatu, 15 Desemba

Profesa amepiga simu ofisini kwa kina Triza, nami nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi.

"Umewapa mbao," akasema. "Ni wachongaji. Bila shaka wameshinda. Umewapa kazi yao."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa wiki tano.

"Na tulipowapa makarani karatasi, Profesa, tuliwapa kazi ya nani?"

Nikasikia kiti chake kikilia. Akasema atanipigia Jumatano.

Jumatano, 17 Desemba

Profesa ameichana makala ile ya kwanza, aliyokuwa amekwisha kuianza mwanafunzi mwingine. Hayo ni maneno yake, na akasema aliichana mwenyewe, hakumtuma mtu. Amesema miaka ishirini ameonyesha watu michoro ile na hakuwahi kufikiria mgongo wake, na kwamba kanuni ya karatasi tupu itabadilishwa maabara nzima. Nafasi ni yangu. Makala itatoka na jina langu mbele, na swali la karatasi na mbao alitaka liwe sentensi ya kwanza. Halafu akauliza fundi wa vile vipande ni nani, kwa sababu maabara mbili zimekwisha kuuliza kama anaweza kuwachongea seti.

Nimemwambia nitamuuliza fundi.

Triza amepiga vigelegele ofisini na meneja hakusema kitu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemaliza makala leo asubuhi, nikamwita Baba mezani. Nikamweleza kwanza jinsi sheria ilivyo: waliopimwa hawatajwi majina, ni nambari tu, moja mpaka kumi na moja. Hata Ngui. Ni kwa heshima yao, mtu asije akamcheka mwenzake. Baba akaitikia kwa kichwa, akaona ni haki.

"Lakini wewe hukupimwa," nikasema. "Huna nambari."

Nikamsomea pale kwenye sehemu ya vifaa, kwa Kiingereza kwanza kama ilivyoandikwa, kisha kwa Kiswahili. Vipande vyote arobaini na vinane vilichongwa kwa mkono na Musau, mchongaji, wa Mowlem, Nairobi, na usahihi wake ulizidi ule wa rula ya maabara.

Akafuata mstari kwa kidole mpaka akalipata jina.

"Na wewe uko wapi?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamwonyesha juu kabisa, chini ya kichwa cha makala. Akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, lile jina nililoandikiwa shuleni siku aliyonipeleka darasa la kwanza. Kavutha Musau.

"Kumbe niko mara mbili," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Baba, mara mbili. Akajipangusa macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akavuta kiti karibu, akaniambia nimsomee tena polepole, ila kwanza Triza aitwe.